Kabla ya kuhama mkaa, pima kilo: Hesabu ya nishati ya nyumbani Masasi na Newala

MSIMU wa korosho hufunguliwa Oktoba, na wiki chache baadaye malipo ya minada huanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba. Hapo ndipo wauza majiko, mitungi ya gesi na vifaa vya sola huanza kupata wateja. Fedha ya mwaka mzima huja katika miezi michache, wakati chungu hutaka moto kila siku. Uamuzi wa nishati unaofanywa Novemba ndio utakaoilisha au kuikamua nyumba hadi msimu mwingine.

Swali ni lile lile kila mwaka: ahamie wapi? Gesi, umeme, sola, au abaki na mkaa wake?

Katika nchi kama Uingereza swali hilo lina maana nyingine. Huko soko la umeme wa majumbani lilifunguliwa kikamilifu mwaka 1999, na mwenye nyumba hulinganisha bei za kampuni kadhaa kisha akahama bila hata waya kuguswa. Tanzania Bara umeme wa gridi unaofika nyumbani ni wa TANESCO. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliwaruhusu watu binafsi kuzalisha, na Juni 2014 serikali ilitoa mwelekeo wa mageuzi uliokusudia kutenganisha uzalishaji na usambazaji hatua kwa hatua hadi mwaka 2025. Hata hivyo, mteja wa Masasi hajawahi kuwa na kampuni ya pili ya kuhamia.

Kwa hiyo ushindani uliopo ni kati ya nishati na nishati, na kila moja inauzwa kwa kipimo chake. Umeme huuzwa kwa yuniti, gesi kwa mtungi, mkaa kwa gunia, kwa sado na kwa kopo, na sola kwa malipo ya siku. Mnunuzi anayelinganisha bei bila kwanza kuleta vipimo hivyo mahali pamoja anabahatisha tu.

UMEME: BEI MBILI, PENGO KUBWA

Umeme una sifa moja ambayo nishati nyingine hazina: bei yake Newala ni ile ile ya Dar es Salaam. Gesi hulipa nauli ya lori na mkaa hufuata umbali wa pori, lakini yuniti ya TANESCO haiangalii ramani.

Kwa agizo la EWURA lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, ambalo ndilo msingi wa hesabu za makala haya, mteja wa nyumbani huwekwa katika moja ya makundi mawili. Kundi la D1 ni la matumizi madogo yasiyozidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi, na bei yake ni Sh. 100/- kwa yuniti. Yuniti inayozidi hapo hutozwa Sh. 350/-. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, nyumba na biashara ndogo pamoja, kwa Sh. 292/- kwa yuniti. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1.

Ukijumlisha yote, yuniti ya D1 hufika Sh. 122/- na ya T1 Sh. 356/-. Ndiyo maana mteja wa D1 hupata yuniti zake 75 kwa Sh. 9,150/-, wakati jirani yake wa T1 akitoa Sh. 10,000/- huondoka na yuniti 28 tu.

Yuniti 75 hizo hizo zingemgharimu mteja wa T1 kiasi cha Sh. 26,700/-. Tofauti ni zaidi ya Sh. 17,500/- kwa mwezi, yaani zaidi ya Sh. 210,000/- kwa mwaka. Kwa nyumba ya mkulima au mchuuzi hiyo ni ada ya mtoto au mtaji wa genge. Kubaki D1 ndiko kuhama kwenye faida kubwa kuliko kote, na hakuhitaji kununua kifaa chochote.

Mtego upo kwenye wastani. Anayevuka yuniti 75 kwa miezi mfululizo huhamishiwa T1, na tangu hapo hata taa zake alizokuwa akiwasha kwa Sh. 122/- atazilipia Sh. 356/-. Anayepunguza matumizi anaweza kuomba TANESCO imrudishe, mradi kumbukumbu za ununuzi wake zithibitishe wastani huo.

Yuniti 75 zinatosha nini? Tuchukue nyumba yenye taa nne za wati 10 zinazowaka saa tano kila siku: yuniti 6 kwa mwezi. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano: yuniti 9. Simu: yuniti 1. Friji dogo linalokula yuniti moja kwa siku: yuniti 30. Jumla ni 46. Nyumba hiyo hiyo ikitumia balbu za zamani za wati 60, taa peke yake zitakula yuniti 36 badala ya 6, na jumla itafika 76. Hapo balbu nne zinatosha kuivusha nyumba mpaka.

Aidha, anayenunua LUKU akumbuke kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa humo. Ilianza kwa Sh. 1,000/- kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupandishwa hadi Sh. 1,500/- mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme ana haki ya kuihesabu anapolipa pango, na Sh. 18,000/- kwa mwaka si fedha ya kusahau.

Kuingia kwenye umeme nako kuna bei mbili. Tangu Januari 2022 mteja wa kijijini huunganishwa kwa Sh. 27,000/-, na wa mjini asiyehitaji nguzo, akiwa ndani ya mita 30, kwa Sh. 320,960/-. Anayenunua kiwanja pembezoni mwa mji wa Masasi au Newala aulize mapema eneo lake limeandikishwa kama kijiji au mji. Jibu hilo linaweza kubadili hesabu nzima ya ujenzi.

GESI: IPO MLANGONI, INATOKA MBALI

Mgeni wa mkoa wa Mtwara hushangaa kusikia kwamba mtungi wa gesi unaouzwa Newala umesafiri kutoka kaskazini. Gesi si ya hapa hapa?

Ni ya hapa, ila ni gesi nyingine. Ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni gesi asilia. Haiwekwi kwenye mtungi mwepesi wa jikoni, bali husafiri kwa bomba au huchomwa kwenye mitambo ya umeme. Kuanzia mwaka 2007 mitambo ya gesi hiyo mjini Mtwara ilichukua nafasi ya dizeli, na mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa. TPDC imeunganisha baadhi ya nyumba mjini Mtwara na Dar es Salaam kwa mabomba, lakini mabomba hayo hayajapanda mlima kwenda Newala.

Gesi ya mtungi huagizwa kutoka nje, hushushwa Dar es Salaam na Tanga, kisha hupakiwa malori kuja kusini. Masasi ina nafuu ya lami kupitia Mingoyo. Newala imetegemea barabara ya uwanda wa juu, ambayo kipande chake cha Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, kilitiwa saini ya ujenzi wa lami mwaka 2023 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mfanyabiashara anayetaka kujua bei ya mtungi Newala itakwenda wapi aiangalie barabara hiyo kwanza.

EWURA hupanga bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila mwezi, wilaya kwa wilaya. Bei ya mtungi wa gesi haimo katika orodha hiyo. Duka na duka hutofautiana, na mnunuzi ana kazi ya kuuliza.

Hapa ndipo kuna kuhama kampuni kwa kweli. Oryx, Taifa Gas, Lake Gas, Manjis na O-Gas kila moja ina mitungi yake, na kwa kawaida mtungi mtupu hubadilishwa na mtungi wa kampuni ile ile. Anayenunua mtungi wa kwanza amejifunga kwa mtandao wa wauzaji, si kwa rangi ya mtungi. Asiangalie bei ya siku ya kwanza tu. Ahesabu ni maduka mangapi ya karibu yanayouza jina hilo, na ni yapi yaliyokuwa na mzigo mvua za Januari na Februari.

Duka la gesi linatakiwa kuwa na mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo 6 au kilo 15, pandisha kwenye mizani, na tazama kama lakiri haijaguswa. Muuzaji anayekataa kupima amekwisha jibu swali.

MKAA: RAHISI KWA GUNIA, GHALI KWA SADO

Kampeni za kuachana na mkaa zina sababu za nguvu. Moshi na hewa ya sumu jikoni havionekani kwenye bili lakini hulipiwa hospitali, na misitu haikui kwa kasi ya shoka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na REA imekuwa ikisambaza mikoani mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei.

Hata hivyo, mfano wa Dar es Salaam haubebeki ulivyo hadi Masasi. Kule mkaa husafiri mbali na gesi iko karibu na bandari. Huku ni kinyume: Masasi ni njia panda ya Tunduru, Nachingwea, Nanyumbu na Newala, mapori hayako mbali, na gesi ndiyo inayosafiri. Hivyo pengo la bei linaweza kugeuka, na kila mtu anapaswa kulipima kwa bei ya mtaani kwake.

Kipimo cha kutumia ni kilo moja ya gesi. Kwa wastani, moto wa chungu unaotolewa na kilo moja ya gesi ni sawa na ule wa yuniti 10 za umeme kwenye jiko la koili, au kilo 4.3 za mkaa kwenye jiko la bati la kawaida, au kilo 2.9 za mkaa kwenye jiko banifu lililotengenezwa vizuri. Tofauti hizo hutokana na joto linalopotea pembeni ya chungu.

Kwa mfano, tuseme mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa Sh. 24,000/-, gunia la mkaa lenye kilo 50 ni Sh. 20,000/-, na sado yenye kilo moja na robo ni Sh. 1,000/-. Msomaji abadilishe tarakimu hizo kwa bei za soko lake. Gharama ya kipimo kimoja itakuwa hivi:

Mkaa wa gunia, jiko banifu: Sh. 1,160/-
Umeme wa D1: Sh. 1,220/-
Mkaa wa gunia, jiko la bati: Sh. 1,720/-
Mkaa wa sado, jiko banifu: Sh. 2,320/-
Mkaa wa sado, jiko la bati: Sh. 3,440/-
Umeme wa T1: Sh. 3,560/-
Gesi, mtungi wa kilo 6: Sh. 4,000/-

Jambo la kwanza linalojitokeza ni kwamba mkaa ule ule una bei mbili. Kwa gunia kilo ni Sh. 400/-, kwa sado ni Sh. 800/-. Nyumba inayochoma kilo moja na nusu kwa siku hutumia Sh. 18,000/- kwa mwezi ikinunua gunia, na Sh. 36,000/- ikinunua sado. Anayelipa zaidi ni yule mwenye fedha kidogo mkononi.

La pili ni jiko. Mchukue mama ntilie wa Mkuti, Masasi, anayechoma kilo 5 kwa siku za mkaa wa wastani wa Sh. 500/- kwa kilo. Hutumia Sh. 2,500/-. Jiko banifu litamshusha hadi kilo 3.3 hivi, na ataokoa takriban Sh. 830/- kwa siku. Jiko la Sh. 30,000/- litakuwa limejilipa ndani ya siku 36 za kazi. Ni vigumu kupata mahali pengine pa kuweka Sh. 30,000/- zikarudi haraka hivyo.

La tatu ni kwa wanaofikiria gesi. Kwa bei ya mfano huu, gesi huishinda jiko la bati pale tu kilo ya mkaa inapozidi Sh. 930/-, na hulishinda jiko banifu inapozidi Sh. 1,380/-. Mvua zikikolea na mkaa ukiadimika au kulowana, mpaka huo unaweza kukaribia. Mwenye mtungi ndani wakati huo ana njia ya pili, na njia ya pili ina thamani yake hata kama haitumiki kila siku. Wapo pia watakaolipa zaidi kwa kukwepa moshi na kuokoa muda wa asubuhi. Hiyo ni sababu halali, ili mradi wajue wanalipia nini.

KUHAMA KIDOGO, SI KUHAMA KOTE

Umeme wa D1 unaonekana karibu rahisi kuliko vyote, na hapo mtu anaweza kukimbilia kununua jiko la koili. Ahesabu kwanza. Nyumba ile ya kilo 45 za mkaa kwa mwezi ikihamisha upishi wote kwenye koili itahitaji kama yuniti 105. Ukijumlisha 46 za taa, televisheni na friji, ni yuniti 151. Itatoka D1, na bili itakuwa karibu Sh. 54,000/- badala ya Sh. 5,600/- za awali. Nyongeza ya Sh. 48,000/- ni kubwa kuliko mkaa wa sado.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na yuniti 29 ambazo haizitumii. Chungu kinachokula moto mwingi kusini ni kile cha mbaazi, kunde na maharage, vinavyochemka kwa saa nyingi. Jiko la presha la umeme, kwa kuwa limefungwa na hupoteza joto kidogo, linaweza kuivisha chungu cha familia kwa karibu nusu yuniti. Kila siku kwa mwezi ni yuniti 15, na jumla inafika 61. Pasi ya wati 1,000 kwa saa tatu kwa wiki huongeza kama 12. Jumla 73. Nyumba imebaki ndani ya D1 na saa ndefu za mkaa zimeondoka kwa chini ya Sh. 2,000/- kwa mwezi.

Ugali, chai na mboga vibaki kwenye jiko banifu au mtungi. Umeme ukikatika, kama nchi nzima ilivyoonja katika mgao wa mwaka 2023, nyumba haitalala njaa.

Kwa walio mbali na nguzo, sola ni ya taa, simu na televisheni. Kupika bado ni nje ya uwezo wa vifaa vingi vya kawaida. Jambo la kuhesabu ni malipo ya siku. Sh. 500/- kwa siku kwa miaka mitatu ni Sh. 547,500/-. Mkulima aulize bei ya taslimu ya kifaa hicho hicho. Kama ni Sh. 350,000/-, basi mkopo huo unamgharimu karibu Sh. 200,000/-, na ushirika wake wa akiba na mikopo huenda ukampa masharti mepesi zaidi.

Mafuta ya taa hayana nafasi kubwa tena. Tangu serikali ilipopandisha ushuru wake mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji wa dizeli, bei yake imekwenda sambamba na mafuta mengine, na kibatari kimekuwa taa ya gharama.

KWA WENYE MTAJI

Kwa mfanyabiashara mdogo, hesabu hizi zinaonyesha mapengo. Tofauti ya gunia na sado ni faida ya mchuuzi, lakini pia ni nafasi kwa kikundi cha wanawake kununua magunia Septemba, kabla ya mvua, na kugawana kwa mizani. Majiko banifu hujilipa haraka kuliko bidhaa nyingi, hivyo anayeyauza kwa malipo ya wiki nne au tano ana hoja ya kumshawishi mteja. Anayefungua duka la gesi Newala aweke fedha kwenye akiba ya mitungi ya miezi ya mvua kabla ya kuweka kwenye rangi ya ukuta, na asisahau leseni ya EWURA na mizani.

Kwa mwenye nyumba, kazi ya Novemba ni fupi. Atazame risiti zake za LUKU za miezi mitatu ajue wastani wake. Abadilishe balbu zilizobaki. Apime gunia kabla ya kulilipia. Anunue jiko banifu kwanza, jiko la presha la pili, mtungi wa tatu. Fedha ya korosho ikitumika kwa mpangilio huo, sado ya Sh. 1,000/- haitamkuta tena mlangoni mwezi wa Machi, mfuko ukiwa mtupu.